Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya misitu ya Usambara Mashariki

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Kamishna wa Uhifadhi, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS),
Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za Wilaya za Muheza, Korogwe na Mkinga,
Mameneja wa mashamba ya chai ya Usambara Mashariki.

YAH: KUPUNGUA KWA NDEGE WAIMBAO NA KUKOSEKANA KWA MICHE MISITUNI

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mlionizidi umri, na habari za kazi kwa wengine.

Nimeiandika barua hii hadharani kwa kuwa haina ofisi moja ya kuipokea. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko chini ya TFS. Vipande vya msitu vilivyobaki katikati ya chai vimo ndani ya hati za mashamba. Misitu ya vijiji na kingo za mito ziko mikononi mwa halmashauri. Kila mmoja wenu akiulizwa, kwake ni salama: miti imesimama, mipaka ina vigingi, picha ya setelaiti ni ya kijani. Sina ugomvi na picha hiyo. Ila imepigwa kutoka juu, na mambo yanayoharibika yako chini.

Mimi ni mwongoza wageni. Wanaokuja kwetu huja kutafuta ndege, orodha mkononi, kwa hiyo ninalipwa kwa masikio zaidi kuliko macho. Alfajiri msituni huoni kitu, unasikia. Kurumbiza akianza, shore wa msituni humjibu kutoka kichakani, chozi wako juu kwenye maua, na mramba akipiga kelele ujue kundi la ndege mchanganyiko linapita. Ndani ya hifadhi, ukishaingia vya kutosha, hayo yote bado yapo. Kwenye vipande vidogo vya pembeni, vya hekta mbili tatu vilivyozungukwa na chai au mahindi, utamsikia shore wa bustanini, yule anayetumalizia mapapai, na baada yake ni nyenje tu. Watu husema wale wengine wamehama. Wahamie wapi? Wengi wa ndege wa ndani ya msitu hawakubali kuvuka eneo la wazi, hata la mita mia chache. Wamezaliwa kivulini, jua la shamba la chai kwao ni ukuta. Wakiisha kwenye kipande, wameishia hapo hapo.

Najua swali linalofuata, maana nimeulizwa mara nyingi, tena na watu waliosoma: ndege wakipungua, msitu unapungukiwa nini hasa? Miti si ipo?

Miti ipo. Naomba siku moja mshuke kwenye gari mwingie kwenye kipande kidogo chochote kando ya barabara ya Monga au Kwamkoro, msitazame juu, mtazame chini. Chini ya mti mkubwa uzaao matunda mtakuta miche yake imejazana pale pale chini ya mama, myembamba kama njiti, inanyang'anyana mwanga, majani yametobolewa na wadudu na kuota madoa ya ukungu. Mingi haitafika goti. Songeni hatua kumi kutoka kwenye shina, kisha ishirini. Mche wa mti ule hamuuoni tena. Mnachokiona ni msizi, mti wa kuletwa nitakaourudia, na baada ya msizi ni msizi mwingine. Msitu wa namna hiyo ni shule yenye darasa la saba peke yake: ukipita nje unaona wanafunzi wakubwa wamepanga mstari vizuri, na hakuna anayeuliza darasa la kwanza liko wapi.

Hili halitoki kwenye hisia za mwongoza wageni. Limepimwa hapa hapa kwetu. Mtafiti Norbert Cordeiro na mwenzake Henry Howe walihesabu miche katika msitu mzima na katika vipande vya Usambara Mashariki, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2001. Walichukua aina 31 za miti ambayo mbegu zake husambazwa na wanyama na ndege. Katika msitu mzima na vipande vikubwa, kuanzia hekta 30, miche na miti michanga ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile iliyopatikana kwenye vipande vidogo vya hekta 9 kushuka chini. Kisha wakatazama aina 8 ambazo mbegu zake hupeperushwa na upepo au kudondoka zenyewe. Hizo hazikuonyesha tofauti. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile, na wakataji kuni ni wale wale. Aliyekosekana ni mbebaji.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2003, walitoa habari za mti mmoja: Leptonychia usambarensis, mti mdogo wa chini ya msitu, wa milima yetu. Tunda lake likipasuka, mbegu huonekana imevikwa nyama ya rangi kali, na wanaoila ni ndege wadogo wachache, hasa shore wa msituni. Shore humeza, huruka, hutua kwenye tawi la mbali, na mbegu inashuka mahali ambapo mama hayupo, na maadui wa mama hawapo. Kwenye vipande vidogo ndege hao ni wachache, mbegu chache zinaondolewa mtini, na miche iliyofika zaidi ya mita kumi kutoka kwa mama ni michache. Mti haujakatwa na mtu. Hakuna faini ya kumtoza yeyote. Unakosa tu ndege wa kuutoa mtoto nyumbani.

Mti huu hauuzwi mbao, na nadhani ndiyo sababu habari yake haikufika mbali. Lakini yaliyoupata ndiyo yanayowapata wenzake wengi wanaotegemea ndege kusambaza mbegu, ambao hakuna aliyewafuatilia mmoja mmoja. Mnyasa, mti wetu mrefu ambao kila mgeni hupiga nao picha, hutumia upepo, na kwa hiyo ripoti inayohesabu minyasa itaendelea kuwa nzuri kwa muda mrefu sana. Hapo ndipo hesabu zetu zinapotudanganya.

Kwa nini ndege wanapungua? Sababu ya kwanza mnaijua, msitu umekatwakatwa. Hilo lilianza zamani, tangu Wajerumani walipokuja na kahawa na mashamba yao, wakajenga taasisi ya utafiti Amani mwaka 1902, na likaendelea kwa chai na kwa upasuaji mbao ambao ulisimamishwa miaka ya 1980. Yaliyopita nayaacha. Hatari ni kwamba kipande kilichokatwa zamani bado kinapoteza ndege leo. Mtafiti William Newmark amekuwa akitega nyavu nyembamba na kuvisha ndege pete za miguuni katika milima hii tangu mwaka 1987, na moja ya mambo yaliyojitokeza kwenye kazi yake na wenzake ni kwamba kwenye vipande, viota vya ndege kadhaa wa chini ya msitu huharibiwa mno kuliko ndani ya msitu mzima. Nyoka, panya, kima, kila mwenye njaa hufika kirahisi. Ndege hawa wa misitu ya joto hutaga mayai machache, mara nyingi mawili, na huishi miaka mingi. Ndiyo maana unaweza kusikia kurumbiza akiimba vizuri kabisa kwenye kipande fulani, mwaka huu, mwakani, na mwaka wa tatu, ukaandika kwenye ripoti kuwa yupo. Yupo, ila hajalea kifaranga. Akifa, wimbo umekufa, na ripoti ya mwaka unaofuata itasema ametoweka ghafla.

Sababu ya pili ni nyeti huku kwetu, nami nina ndugu inayowagusa: iliki.

Iliki inapenda kivuli. Mkulima haangushi mti mkubwa. Anafyeka chini, anaondoa vichaka, miche na mimea itambaayo, kisha anapanda. Ukipita na ndege ya utafiti juu ya shamba la iliki, unaona msitu. Ukiingia ndani, umefagiliwa. Hakuna pa kufichia kiota, hakuna majani yaliyooza ya kupekuapekua, na mche wa mti wa asili ukijitokeza unang'olewa pamoja na magugu. Kwa shore wa msituni na kurumbiza hilo ni jengo lenye paa lisilo na vyumba. Iliki ikichosha udongo, mkulima huendelea na mengine, migomba au mahindi, na hapo hata paa linaanza kuondoka.

Sisemi haya kumshtaki mkulima. Iliki imesomesha watoto wa milima hii, na mtu aliyeona ada ikilipwa na gunia la iliki hawezi kuambiwa habari za shore akakuelewa siku hiyo hiyo. Wenye umri mnakumbuka Derema. Msitu ule unaunganisha Amani na misitu ya kaskazini, na wazo la kuulinda lilikuwa sahihi. Lakini waliokuwa na iliki mle ndani walitolewa, malipo yakawa na mvutano wa miaka, na hadi leo ukitaja neno "ushoroba", yaani njia ya msitu ya kuunganisha vipande, kwenye mkutano wa kijiji kuna wazee wanaoinuka na kuondoka. Nitarudi kwenye hili, kwa sababu ninachoomba kinahitaji ushoroba, na ushoroba unawahitaji wale wale walioinuka.

Sababu nyingine nazitaja tu. Manati na ulimbo wa watoto, ambavyo si vikubwa kama watu wa mjini wanavyodhani. Uchimbaji wa dhahabu, kama ule wa Sakale mwaka 2003 na 2004 uliochafua mito. Na joto. Milima hii ni midogo. Ndege anayefuata baridi kwenda juu hufika mahali mlima unaisha.

Sasa niwaonyeshe kitu kimoja kinachopotea ambacho hakimo kwenye jedwali lolote. Siafu wanapotoka kwa maelfu na kupita sakafu ya msitu, kila mdudu aliye njiani hutoka mbio: panzi, buibui, mende wa msituni, tandu. Mbele ya safu hiyo hujipanga ndege. Wapo wale wenye mkia mwekundu wanaoishi kwa kufuata siafu, na mwenzao mwenye kifua cheupe, mnene kidogo, anayeruka chini, anadaka, anarudi kwenye fito ya pembeni, anatikisa mkia. Hawali siafu. Wanawala wanaokimbia siafu. Nimeona wageni waliotoka mbali wakisahau kamera shingoni wakitazama tu. Kwenye msitu wa Kakamega nchini Kenya, watafiti waliofuatilia makundi ya namna hii waliona kwamba msitu ukikatwakatwa na kuchakaa, makundi hayo hupungua ndege na kupungua aina. Wadudu walioachwa hawaendi mahakamani, wanakula majani. Na majani wanayoyafikia kwa urahisi ni ya mche.

Faida ya ndege kula wadudu imepimwa hapa nchini pia, kwenye kahawa ya Kilimanjaro. Watafiti walizungushia mikahawa nyavu ili ndege na popo wasiifikie, wakalinganisha na mikahawa iliyoachwa wazi. Matokeo yao yalitoka mwaka 2014. Mikahawa iliyokuwa na walinzi wake ilizaa matunda zaidi kwa wastani wa asilimia 9. Sitaki kuihamishia hesabu hiyo kwenye chai, chai ni jani na kahawa ni tunda. Lakini meneja wa shamba anayenunua dawa za wadudu kila msimu angependa kujua ana wafanyakazi wangapi wasiolipwa kwenye vipande vyake vya msitu.

Kuhusu msizi lazima niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa hata watu wa misitu wenyewe hukosana. Msizi, ambao kitaalamu ni Maesopsis eminii, si wa milima hii. Ni mti wa Afrika ya Kati na Magharibi hadi kandokando ya Ziwa Victoria, ukaletwa Usambara na kupandwa kwa kuwa unakua haraka. Unazaa sana, na matunda yake ni makubwa kiasi kwamba shore hayamezi. Anayeyameza ni hondohondo. Hondohondo ni ndege mkubwa, ana mabawa yanayosikika kama mtu anakung'uta mkeka, na tofauti na wadogo, yeye haogopi eneo la wazi. Anavuka bonde zima la chai asubuhi na kurudi jioni. Kila alikolala kunaota misizi.

Tafsiri yake ni hii. Kwenye kipande ambacho ndege wadogo wameisha na hondohondo bado anapita, mbegu za miti ya asili haziendi popote, na mbegu za msizi zinaletwa kila siku kwa ndege. Hakuna haja ya mtu kuupanda. Baada ya muda msitu unabadilika aina, mti mmoja ukichukua nafasi ya aina kumi na tano, na kutoka juu bado ni kijani. Hata kaboni, ile hewa ukaa ambayo miti huihifadhi, mtaipata kwenye hesabu, angalau kwa kipindi. Nchi yetu ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, na vijiji vingi vinaota fedha hizo. Mimi pia naziota. Lakini mti mkubwa wa asili unaopimwa kifuani leo ulipita kwenye koo la ndege miaka mia iliyopita, na ule wa kupimwa miaka mia ijayo ungepaswa kuwa umeshashuka ardhini mwaka huu.

Simlaumu hondohondo. Anafanya kazi yake, na miti ya asili yenye mbegu kubwa inamtegemea yeye pia. Tatizo ni kumwachia peke yake.

Kama mnataka kujua mwisho wa njia hii, hamna haja ya kwenda mbali. Milima ya Taita, ng'ambo ya mpaka, ni ncha ya kaskazini ya mnyororo huu huu wa milima uitwao Tao la Mashariki. Misitu yake ya asili imebaki vipande: Mbololo, Ngangao, Chawia na vidogo vingine, huku sehemu kubwa ya vilele ikiwa imepandwa misindano na mikaratusi. Kuna ndege wa jamii ya mkesha, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, ambaye duniani kote anapatikana kwenye vipande hivyo tu. Kuna kidege kingine kidogo cha kijivu, apali wa Taita, naye ni wa huko pekee na yuko hatarini kabisa kutoweka. Wakenya sasa wanahangaika kubadilisha mashamba ya miti ya kigeni yarudi kuwa msitu wa asili ili kuunganisha vipande. Ni kazi ya gharama, ya polepole, na wanaifanya wakiwa na ndege wachache sana wa kuwasaidia. Sisi bado tuna wengi. Hiyo ndiyo nafuu tuliyo nayo, na haitakaa.

Na sisi tuna wa kwetu wa kuogopea. Kuna kidege cha mdomo mrefu, cha rangi ya majivu, kinachoishi kwenye mimea itambaayo ya misitu ya Usambara Mashariki, hasa Amani. Kwingineko duniani kimeonekana kaskazini mwa Msumbiji tu. Jina lake la kisayansi linamkumbuka Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani kuanzia mwaka 1928. Moreau aliandika mengi kuhusu ndege wetu, na mengi katika hayo yalipita kwenye macho na masikio ya Salimu Asmani, aliyekuwa akiwatafuta na kuwajua. Namtaja Salimu makusudi. Karibu miaka mia baadaye, vijana wanaojua sauti za ndege hawa bado wako vijijini, na bado hawamo kwenye bajeti ya mtu.

Waheshimiwa, haya ndiyo ninayoyaomba.

Kwa Kamishna na TFS: kila mnapofanya tathmini ya hali ya msitu, ongezeni vitu viwili. Miche ya miti inayotegemea ndege, ihesabiwe chini ya mti mama na mbali na mti mama. Na ndege wenyewe, wahesabiwe alfajiri kwa sauti, mahali pale pale, mwaka hadi mwaka. Haihitaji mashine. Inahitaji mtu mwenye masikio, saa, daftari na posho ya siku. Waajirini vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi kwa kazi hiyo. Tukiwa na mfululizo wa miaka mitano, tutajua kipande gani kina wazazi wasio na watoto kabla hakijanyamaza.

Pia nawaomba msimamishe tabia ya kusafisha. Nimeona mara nyingi, wageni wakubwa wakitarajiwa, kandokando ya njia ndani ya msitu kunafyekwa mita kadhaa kila upande ili papendeze. Panapendeza kama uwanja wa shule. Mimea itambaayo inayokatwa hapo ndiyo nyumba ya kidege nilichokitaja.

Kwa mameneja wa chai: vipande vilivyo ndani ya hati zenu ni vyenu, na najua vingine mmevitunza vizuri kuliko hata serikali. Ninachoomba ni mistari. Kingo za vijito vinavyoshuka kati ya mashamba yenu, ambapo chai haizai vizuri hata hivyo, ziacheni ziote, mpande mikuyu na mikumba na miti mingine inayozaa matunda madogo, msipande mikaratusi. Newmark na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba katika Tao la Mashariki, kurudisha msitu kwenye maeneo machache yaliyochaguliwa vizuri ili kuunganisha vipande vikubwa kunaweza kuchelewesha sana kutoweka kwa ndege. Machache, yaliyochaguliwa vizuri. Hamuombwi kung'oa mashamba.

Miche ya kupanda nayo ina neno. Kwenye kampeni za upandaji miti tunapewa miche iliyopo, na iliyopo ni ile iotayo haraka kwenye kitalu: mikaratusi, misindano, mikrevilea, misizi. Idadi inatangazwa, picha inapigwa. Shore hana cha kula kwenye mkaratusi. Halmashauri zikiweka sharti kwamba kitalu kinachonunuliwa kwa fedha za umma katika milima hii lazima kiwe na sehemu kubwa ya miti ya asili yenye matunda ya ndege, kina mama wenye vitalu Muheza watabadilika msimu mmoja tu. Mbegu wanazijua zilipo kuliko sisi sote.

Kuhusu ushoroba na iliki, rai yangu ni kwamba msirudie njia ya kumtoa mtu kwanza na kumlipa baadaye. Kama kuna kipande cha shamba la iliki kinachohitajika ili ndege wavuke, mwenye shamba apewe mkataba wa kukiacha kiote, alipwe kila mwaka miche ikikutwa hai, na aruhusiwe kuvuna viungo vyake kwenye sehemu iliyobaki. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua usimamizi shirikishi. Tuutumie mpaka kwenye malipo, usiishie kwenye mikutano. Na iliki inayolimwa bila kufyeka yote, kwa kuacha mistari ya vichaka na miche kati ya matuta, itafutiwe bei yake. Mkulima anayeiacha mistari hiyo anapoteza nafasi. Mtu akipoteza nafasi kwa ajili ya wengine, wengine wamlipe.

Fedha zitoke wapi? Hili nawaachia wataalamu, lakini nina pendekezo moja. Mto Zigi unatoka huku juu na kujaza bwawa la Mabayani, na jiji la Tanga linakunywa maji hayo. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilikusanya shilingi bilioni 53.12 kwa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, na nchi nzima ikapiga makofi, nami nikiwemo. Mabomba na mitambo vitanunuliwa. Lakini maji yanayopita kwenye bomba yanatoka kwenye msitu ambao sakafu yake inashikwa na mizizi ya miti mingi ya rika mbalimbali, na rika la chini ndilo linalokosekana. Sehemu ndogo tu ya mapato ya maji, ikirudi kila mwaka kwenye kingo za Zigi na kijito chake cha Kihuhwi kwa wakulima wanaoacha msitu uote, ingegharamia kazi kubwa. Vikundi vya wakulima wa kuifanya vipo tayari.

Kwa Mheshimiwa Waziri, ombi langu ni moja na ni la kiutawala. Teueni mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, atakayeviunganisha TFS, halmashauri tatu, mashamba ya chai na mamlaka ya maji kwenye ramani moja ya vipande vya Usambara Mashariki. Leo hii mwongoza wageni akiona kipande kinafyekwa chini, inabidi kwanza abahatishe ni cha nani, na akishajua, siku tatu zimepita na kipande kimeshafagiliwa.

Niko tayari kuwatembeza. Mje wachache, bila msafara, mlale Amani, tuondoke saa kumi na moja alfajiri. Tutaanza kwenye kipande kidogo kisha tuingie kwenye msitu mzima siku hiyo hiyo, na kila mmoja wenu atapewa daftari aandike alichosikia na miche aliyoihesabu. Msimu mzuri ni Septemba hadi Desemba, ndege wengi wanapotaga. Tafadhali nijulisheni kupitia ofisi ya kijiji.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwongoza wageni, Amani,
Wilaya ya Muheza.

Nakala:
Wenyeviti wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani
Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga
Waheshimiwa Wabunge wa majimbo yanayoguswa
Ubao wa matangazo, soko la Muheza